Mishahara ya Luhende

Kijiwe chetu cha Kabasa kina benchi moja, birika moja la kahawa na mabingwa wa kila jambo. Birika ni la Florian, ambaye hutia neno mara chache kwa sababu mdomo wake uko kazini ukipuliza mkaa. Mwaka ule Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka mitatu, na Keraryo alikuwa amelisikiliza redioni mpaka tukambandika jina: Azimio. Leodgar tulimwita Furu, maana ni mtu wa ziwani na mwili wake mdogo kama wa samaki huyo. Mhoja tulimwita Uhakika, kwa kuwa hana. Saa kumi jioni ya siku hiyo nyumba zetu kumi zilikuwa zinachagua balozi, kwa kupanga mstari nyuma ya mtu tunayemtaka, na aliyejitokeza ni mmoja tu: Luhende, baba wa watoto sita. Miaka yote tuliyoishi naye hakuwahi kutuomba kitu. Safari hii ameomba, na mkewe Boke amemshonea shati jipya. Sisi, badala ya kumpa, tukaanza kufikiri.

— Hafai, akasema Azimio, akaweka kikombe chini. Hafai kabisa.

— Luhende? nikauliza. Kafanya nini?

— Azimio linasema kiongozi asiwe na mishahara miwili. Sasa huyu ana kazi ngapi? Seremala yeye. Fundi baiskeli yeye. Kinyozi yeye.

— Na meno anang'oaga, akasema Furu. Langu alining'oa yeye, huku ananisimulia habari za nyuki wake ili nisahau maumivu.

— Kumbe na nyuki anao. Wekeni na nyuki.

— Mpira anachezeshaga yeye, akasema Uhakika. Jioni anafundisha wazee kusoma. Msimu wa pamba anasimama mizanini anatusomea kilo, tusipunjwe.

— Na litungu anapiga, nyuzi zote nane, nikaongeza mimi, mjinga, nikidhani namsifia.

Azimio akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyefiwa na taifa.

— Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba kikijaa, ndugu zangu, huo ni ubepari.

Florian akatumiminia kahawa nyingine. Furu akasogea katikati ya benchi, kama anavyofanya akitaka kusema uongo.

— Mimi siri yake naijua. Mtu hawezi kufanya kazi zote hizo kwa ajili ya nyumba moja. Ana nyumba nyingine Musoma, pale Kitaji. Nilimwonaga mwenyewe, amebeba kitanda cha mtoto.

— Alikuwa anampelekea dada yake aliyejifungua, nikasema.

— Dada! Wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza.

— Sasa hapo samaki anaingiaje?

— Wewe mura, kijana wangu, mimi ni mtu wa ziwa. Samaki anaingiaga popote.

— Nyie wote hamjui kitu, akasema Uhakika. Jumamosi iliyopita Luhende alichezesha mpira hapa Kabasa. Ndiyo ama siyo?

— Ndiyo. Akamtoa nje mtoto wake mwenyewe.

— Haya. Jumamosi hiyohiyo kulikuwa na harusi Bugwema. Shemeji yangu alicheza mpaka kiatu kikakatika. Litungu nani alipiga? Luhende.

— Si ana baiskeli, nikasema.

— Mwenda pole hajikwai, na baiskeli haiendagi pole. Nawaambia kwa uhakika: Luhende ni wawili.

— Wawili kivipi?

— Pacha. Kulwa na Doto. Mama yao alituonyesha mmoja, mwingine akamficha. Wanapokezana. Mmoja akiranda mbao, mwenzake yuko ndani amelala. Ndiyo maana hachokagi.

Nilitegemea Azimio acheke. Hakucheka, akakunja uso akapiga hesabu ya kisiasa.

— Wakiwa wawili, kila mmoja anaruhusiwa mshahara wake. Hapo Azimio halijavunjwa. Lakini tutapangaje mstari nyuma ya watu wawili, na mmoja kajificha? Hapana. Hafai.

— Tukimtoa Luhende tunamweka nani? akauliza Furu.

Azimio akajiweka sawa kola ya shati.

— Mnataka mtu safi. Mimi sijawahi kushika mshahara hata mmoja. Wala kazi.

— Hilo ni kweli, akasema Florian, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

Mungu atusamehe, tulikuwa tumekaribia kukubaliana. Uhakika alishaanza kumwita Azimio "ndugu balozi" kwa mzaha ambao haukuwa mzaha sana. Ndipo Boke akatokea kwenye kona, shati jipya limepigwa pasi, limelala mkononi mwake.

— Habari zenu, shemeji zangu. Baba Mbuke hamjamwona? Tangu alfajiri ameitwa kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, na hapa saa kumi inakaribia.

— Hata ng'ombe, akanong'ona Azimio. Kazi nyingine hiyo.

— Unasemaje, shemeji?

Azimio si mwoga. Alisimama akamweleza yote kwa adabu, kuanzia Azimio la Arusha hadi mishahara miwili. Pacha aliwaruka. Boke alisikiliza mpaka mwisho, wala hakukasirika.

— Hiyo mishahara anachukuliaga dirisha gani?

— Dirisha?

— Ndiyo, shemeji. Nionyesheni tu, nitaenda mwenyewe na kikapu. Sisi nyumbani tunaishi kwa pamba yetu na mihogo, kumbe kuna mishahara.

Furu akapapasa shavu pale jino lilipotoka. Uhakika akaitazama baiskeli yake, iliyokuwa imeegemea ukuta na gurudumu lililonyooshwa juzi. Mimi nikajikuta nashika kichwa changu, kilichonyolewa jana. Hakuna aliyelijua dirisha.

— Mama yangu jeneza alimchongea yeye, akasema Azimio, sauti imeshuka. Nikampelekea jogoo. Akanirudishia, akasema wapikiwe watu wa msibani.

Niliona aibu, sisemi uongo. Lakini nilifurahi pia, furaha ya mtu aliyekuwa anaelekea kufanya upumbavu akashikwa mkono.

— Kwa hiyo dirisha hakuna, akasema Boke.

— Hakuna, shemeji. Saa kumi mimi natangulia mstarini. Hawa watasimama nyuma yangu.

— Na huo ubalozi wenyewe, una mshahara?

— Hauna. Hata senti.

Boke akacheka mpaka Florian akamshikia lile shati.

— Nilijua tu. Ungekuwa nao, mume wangu asingeutaka.