Aliyetupima Pumzi Ghorofa ya Nne

Nimemkosea Mzee Pumzi, na nimeona niseme mapema, kabla hamjasoma sifa zake mkadhani anayeziandika ni rafiki mwenye mikono safi. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na minne kazini. Miaka tisa kati ya hiyo nimemdanganya. Nitafika huko. Kwanza nieleze kazi yake, maana ndicho kamati ya jarida letu la ofisi ilichoniomba.

Aliingia hapa kama mfagizi, akawa tarishi, na anaondoka akiwa tarishi mkuu. Jengo letu lina ghorofa nne na lifti moja yenye hasira zake. Yeye hakuipanda. Asubuhi anapandisha barua kwa ngazi za nyuma, anashuka, anapanda tena, mafaili kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Tulimtania sana. Tulimwambia, "Mzee, lifti haitozi nauli!" Anacheka, halafu anakuuliza swali, na hapo ujue umekwisha.

Mimi niko masjala, chumba cha mafaili kilicho chini kabisa. Wiki yangu ya kwanza, miaka kumi na tisa iliyopita, alinipandisha hadi ghorofa ya nne, akanisimamisha juu ya ngazi ya mwisho, akaniambia nitaje jina la kitengo chetu kwa pumzi moja: Kitengo cha Kumbukumbu, Nyaraka, Vifaa na Usafirishaji. Nililimaliza lote nikabaki na hewa ya kucheka. Akatoa daftari lenye jalada la bluu, akaandika jina langu, tarehe, na neno moja: Usafirishaji.

Ndiyo maana tukamwita Mzee Pumzi. Kila mwaka, mwezi uleule, anampandisha kila aliyekubali, anamtajisha jina la kitengo, na kuandika neno ambalo mtu amekatikia. Si daktari na hakuwahi kujifanya daktari. Alitaka kujua tu. Kwa mfano, kwa nini mhasibu wetu, mwembamba kama rula, anakatika kwenye Nyaraka, na mama wa kantini, mwenye mwili wake, anafika Usafirishaji na bado anauliza nani hajalipa chai? Alikaa na swali hilo miezi miwili. Mwisho akagundua kwamba mama wa kantini anakuja kazini kwa miguu, dakika arobaini kila siku, na mhasibu anashushwa mlangoni. Akalipeleka swali kwa muuguzi wa zahanati ya mtaa wa pili. Muuguzi akamwambia moyo nao ni msuli, unazoea kazi unayoupa, na wembamba peke yake hausemi mengi. Mzee alirudi anang'aa kama ameokota saa ya dhahabu.

Akahamia kwenye chai. Alikuwa mtu wa vijiko vinne vya sukari. Akawa anapunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili na kuandika, kwa sababu alitaka kujua ulimi unasahau baada ya muda gani. Alipofika kijiko kimoja akaionja ile chai yake ya zamani, akakunja uso kama amelamba sabuni. Shemeji, mke wake, anasema miezi ile alikuwa ameolewa na mtafiti. Alipima chumvi, alihesabu siku ambazo sahani ina mboga za majani. Mchana alikuja na kopo lake la maharage, mboga na kipande cha tunda, akakaa nasi tuliokuwa na chipsi na soda. Hakutuhubiria hata siku moja. Aliuliza tu, "Mkila hivyo, saa tisa mnasikia usingizi au hamsikii?" Swali hilo lilituudhi kuliko mahubiri, kwa sababu tulikuwa tunasikia.

Miaka ikaenda, na neno langu likaanza kurudi nyuma. Mwaka wa tano nilikatika kwenye Vifaa. Mwaka wa kumi, Nyaraka. Nikamwambia, "Mzee, ni umri huo." Akafungua ukurasa wake mwenyewe, na amenizidi miaka kumi na tatu. Usafirishaji, Usafirishaji, Usafirishaji, mpaka chini.

Ndipo akaandika barua. Daftari lilikuwa limempa mambo mawili ya kuomba. Ngazi za nyuma ziondolewe viti vibovu na maboksi, ziwekwe taa, ili watu wazitumie. Na muuguzi aje mara moja kwa mwaka na kipimo cha presha. Kwa utaratibu wetu barua ya mfanyakazi haibebwi na mwenyewe, hata kama ni tarishi. Inaandikishwa masjala, na mtu wa masjala anaipeleka kwa Mkurugenzi kwa mkono wake. Mtu huyo ni mimi.

Siku ile lifti ilikuwa imekufa. Nilikuwa nimetoka kula, tumbo limejaa, na Mkurugenzi yuko ghorofa ya nne. Nikaitazama barua. Nikazitazama ngazi. Nikagonga mhuri wa IMESHUGHULIKIWA, nikaitia kwenye faili, nikafunga kabati. Nilijiambia nitaipeleka kesho. Lakini karatasi ikishapata mhuri ule, masjala haina kesho. Hakuna mtu anayeitafuta tena.

Alipoulizia, nikasema wakubwa wanaitafakari. Mwaka uliofuata nikasema hivyo hivyo. Mara ya tatu alikuja mezani kwangu, akashusha sauti. "Mdogo wangu, au kosa ni lugha? Mimi niliishia shule ya msingi. Pengine sikuipanga vizuri."

Nikamjibu, "Labda, Mzee."

Hakuuliza tena. Baadaye Shemeji alinisimulia, bila kujua anamsimulia nani, kwamba mumewe amenunua kitabu cha kujifunza kuandika barua na kila jioni anakifungua mezani. Barua ile haina kosa hata moja. Nimeisoma mara nyingi kuliko aliyeiandika.

Miaka mitatu iliyopita dereva wetu mkuu, yule anayewaita wote "mkwe", alianguka na kiharusi kwenye maegesho ya magari. Yu hai, tunamshukuru Mungu, lakini mkono wa kulia hauinuki. Muuguzi alisema huenda presha ilikuwa juu kwa miaka mingi bila yeye kuhisi chochote. Siwezi kuapa kwamba kipimo kingemwokoa. Ninachojua ni kwamba hakuwahi kupimwa, na karatasi iliyoomba apimwe ilikuwa kabatini kwangu, ufunguo mfukoni mwangu.

Mwaka jana nami nikaambiwa sukari yangu iko juu. Aliyenishika mkono ni Mzee Pumzi. Alinianzisha na ghorofa moja kwa siku, kijiko nikapunguza nusu nusu, soda nikaiachia wageni. Kila kona ya ngazi ananisubiri, anajifanya anapanga mafaili ili nisione haya ninavyohema. Huu ni mwezi wa kumi tangu tuanze. Sukari imeshuka, muuguzi amenipongeza, na kila pongezi inanichoma, maana najua nimesaidiwa na nani na nimemfanyia nini.

Sasa naongea na wewe, Mzee. Kwa niaba ya kitengo chenye jina refu kuliko yote jengoni, asante kwa miaka thelathini na minne, na kwa kutuuliza maswali ambayo hakuna mwingine aliyejali kutuuliza. Tunakuombea siku nyingi na miguu mizima, wewe na Shemeji, na vilima vya kutosha vya kupanda.

Jarida hili linatoka Jumatatu. Hadi Alhamisi jioni nitakuwa nimeondoa viti na maboksi yote kwenye ngazi kwa mikono yangu. Ijumaa saa nne asubuhi, ukiwa bado mfanyakazi wa hapa, nitaitoa barua yako bila kubadilisha hata nukta. Nitaufuta ule mhuri wa uongo kwa kalamu nyekundu na kutia sahihi yangu, nitaambatanisha barua yangu inayoeleza nilichofanya, na nitaipandisha kwa miguu mpaka mezani kwa Mkurugenzi. Nikifika juu, kabla sijagonga mlango, nitataja jina la kitengo.

Njoo na daftari, Mzee. Uandike nitakapokatikia.