Kifaa Kinacholala

Salme ndiye aliyemletea Adila habari. Alimkuta uani akianika nguo za mtoto, akamwambia, "Wifi, Baba anausia. Na wewe anakutaka."

"Mimi? Mimi si mkamwana tu?"

"Kamwulize mwenyewe. Tangu alasiri anacheka peke yake."

Adila akambeba mwanawe, akaingia na Salme chumba cha nyuma ya duka, akakaa karibu na mlango. Mzee Himid, fundi redio wa Bagamoyo, alikuwa ameegemezwa mito, pumzi zikimpiga chenga, macho bado maangavu. Yousuf, mumewe Adila, alikuwa amekaa miguuni pa baba yake.

"Sikilizeni wanangu," mzee akaanza, "na msinililie kabla sijamaliza, maana nitasahau. Nyumba hii igawanywe kama sheria inavyosema, na Salme asidhulumiwe hata bawaba ya mlango. Sasa meza yangu ya ufundi, na kile kifaa changu cha kuwalindia vifaranga joto bandani. Yousuf, umekitia taa ya kijani iwake mchana na usiku, ati wateja waone kinafanya kazi. Kimekuwa kama jirani yetu Mwanvita, kinaongea hata kikiwa hakina habari, betri ikaisha upesi, hita ikakosa wa kuiamsha, na vifaranga wa mteja wetu Sikuzani kule Mlingotini wakarundikana kwa baridi hadi wengine wakafa. Kifaa changu kazi yake ni kulala, mwanangu. Kinaamka, kinapima joto, likiwa sawa kinarudi kulala. Likishuka, kinaiita hita bila waya, na kikiitikiwa kinanyamaza. Ndiyo maana betri ndogo inakitosha mwaka mzima."

"Baba, watu hawanunui kitu kilicholala," Yousuf akanung'unika.

"Wananunua vifaranga walio hai!" Akacheka hadi akakohoa, Adila akamnywesha maji. "Meza na kifaa namwusia Adila, ndani ya theluthi yangu ninayoruhusiwa kuusia. Shehe kasema mrithi hausiwi, na mkamwana si mrithi, basi nimepenya hapo hapo. Tangu aolewe anakaa nami mezani, mpole, hasemi mpaka awe na la kusema. Lakini Adila mwanangu, joto likishuka, sema. Ukinyamaza hapo, atakayeumia si wewe." Sauti ikafifia. "Yousuf… mwuzie mkeo vifaa vyake kwa watu, wewe una mdomo. Msigombane mbele ya wateja. Mungu awape… awape riziki ya halali, na watoto… wenye kelele. Haya, nipisheni. Nami nilale."

Akalala kweli, akakoroma, na Salme akacheka huku machozi yakimtoka.

Asubuhi yake, vifaa vya kupelekwa Mlingotini vilikuwa mezani, taa zake za kijani zinawaka. Adila akampa Salme mtoto, akapasha moto chuma cha kulehemu, akaanza kuzing'oa moja moja. Yousuf akasimama mlangoni.

"Sasa Sikuzani nitamwambia nini?"

Adila aliona haya hadi masikio yakamwaka moto, lakini mkono haukuacha kazi.

"Usimwambie wewe," akasema. "Niitie bajaji. Nakwenda kumwambia mwenyewe."