Maisha ya Kufuli, Mtunza Mambo ya Watu wa Chuo

Tunayemzika leo ni Kufuli, mtoto wa tatu wa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya soko, mjukuu wa mkunga. Bibi yake alizalisha wanawake wa mitaa minne, na hakuna aliyewahi kusikia kutoka kwake nani alilia, nani alitukana, wala mtoto wa nani alifanana na nani. Baba yake alipima viuno vya watu maisha yake yote, na viuno hivyo vyote alikwenda navyo kaburini. Huo ndio ukoo aliotoka marehemu. Wengine hurithi mashamba. Kwao walirithi kunyamaza, na si kule kunyamaza kwa asiyejua, bali kunyamaza kwa anayejua.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, nyumbani, katika chumba cha uani, mikononi mwa bibi yake huyo huyo. Alikuja kadogo, kamekunjamana, wengi wakadhani hatamaliza wiki. Dada yake mkubwa, aliyekuwa na miaka minane, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka alipojua kutembea, na hata baada ya hapo, maana alikuwa mvivu wa kutembea. Hili lazima lisemwe, kwa sababu dada huyo hajawahi kulisahau, na wakati mmoja alimkumbusha mahali ambapo marehemu hakupenda kukumbushwa.

Jina la Kufuli alilipata akiwa darasa la pili. Baba yake alikuwa akimtuma kupeleka nguo kwa wenyewe. Siku moja jirani mmoja, aliyekuwa haongei na mwenzake wa mlango wa pili, alimsimamisha njiani akamuuliza kwa sauti tamu kama baba yake ameongeza kitambaa kiasi gani kwenye gauni la yule mwenzake safari hii. Mtoto akamtazama, akamjibu, "Mama, gauni lake lina mikono miwili." Akaenda zake. Yule mama alicheka mpaka akakaa kizingitini, na ni yeye mwenyewe aliyetangaza mtaa mzima kwamba mtoto wa fundi ana kufuli mdomoni.

Shule ya msingi aliisoma hapo hapo mtaani, kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Herufi alikuwa amekwisha kuzijua, kwani dada yake alimwandikia kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma. Dada yake mwenyewe aliishia darasa la saba, na mwandiko wake mpaka leo unawashinda wengi waliokwenda mbele. Sekondari alimaliza mwaka 1976. Hakuwa wa kwanza darasani wala hakuwa wa mwisho. Mwaka uliofuata, macho ya baba yalipoanza kukataa uzi na sindano, Kufuli akaenda kutafuta kazi, akapata utarishi katika masjala ya chuo kikuu.

Alibeba mafaili miaka mingi, juu na chini ya ngazi zile, hadi chuo kilipofungua masomo ya jioni kwa wafanyakazi wake. Hapo akaketi tena kwenye dawati, mtu mzima na mvi mbili tatu, akasomea utunzaji wa kumbukumbu. Novemba 1990 alivaa joho. Joho lilikuwa refu, akakanyaga pindo mbele ya wakubwa, nusura aanguke. Baba yake, ambaye siku hiyo alikuwa haoni tena, aliuliza watu wanacheka nini. Alipoambiwa, akasema, "Sikulishona mimi hilo."

Mwaka 1991 akahamishiwa Ofisi ya Wahitimu na Wafadhili, na hapo ndipo alipokaa mpaka kustaafu. Kwa wasioijua, ofisi ile hushughulika na watu waliokwisha kuhitimu na watu wanaokichangia chuo. Inajua unakaa wapi, unafanya kazi gani, namba yako ya simu, siku yako ya kuzaliwa, umetoa nini na lini. Inakuandikia, inakupigia, inakualika, inakuomba. Mwanzoni mambo yote hayo yalikuwa kwenye makabati ya chuma yaliyojaa kuta tatu, na baadaye yakaingizwa kwenye kompyuta. Kufuli aliyahudumia ya chuma na ya umeme kwa adabu ile ile.

Alikuwa na desturi yake. Kila mwajiriwa mpya alimketisha kwenye kiti cha wageni, akamwambia kwamba andiko lolote juu ya mtu liwe ni lile unaloweza kumsomea mwenyewe akiwa amekaa hapo ulipokaa wewe, kwa kuwa ni haki yake kuja kulisoma. Wapo walioona ni hadithi za mzee. Mmoja, kijana mchangamfu wa kuchangisha, aliwahi kuandika chini ya jina la mfadhili fulani kwamba bwana huyu ameachana na mkewe, sasa ndio wakati wa kumwendea. Kufuli alimwita, akamketisha pale pale, akamwomba amsomee kwa sauti, yeye Kufuli akijifanya ndiye bwana mwenyewe. Kijana alifika katikati, akaomba kalamu afute. Leo ndiye mkuu wa ofisi hiyo, na yupo hapa nasi.

Mwaka 1993 alifunga ndoa na muuguzi wa kliniki ya watoto, mhitimu wa chuo hicho hicho. Habari zao zinachekesha, na mjane ametupa ruhusa kuzisema. Binti alikuja ofisini kuulizia cheti, Kufuli akapendezwa naye tangu mlangoni. Namba yake ya simu ilikuwa ndani ya kabati, hatua chache kutoka mezani kwake, na hakuigusa. Wenzake walimcheka, wakamwambia samaki yuko kwenye ndoo yako nawe unalala njaa. Akasubiri. Miezi ikapita, binti akarudi kubadilisha anwani. Kufuli akaandika anwani mpya, akaandika namba mpya, akafunga faili, akalirudisha kabatini. Kisha akarudi akasimama, akamwomba namba yake.

"Si umeiandika sasa hivi?" binti akauliza.

"Hiyo ni ya chuo," akasema. "Naomba yangu."

Mungu aliwajalia mabinti wawili na mvulana mmoja.

Yapo mawili katika kazi yake ambayo familia imeona yasizikwe naye.

La kwanza ni la mwaka 1998. Chuo kilikuwa na utaratibu wa kuwatumia wahitimu kadi siku zao za kuzaliwa, kadi nzuri yenye picha ya lango kuu. Asubuhi moja akaingia mama mmoja wa makamo, amevaa vizuri, akaweka mezani kadi tatu za miaka mitatu. Hakupandisha sauti. Alisema mwanawe amekufa, na kwamba kila mwaka, anapokuwa ameanza kupata nafuu, chuo humtakia mwanawe maisha marefu. Kufuli alimpa kiti, akakaa naye mpaka alipotaka kuondoka mwenyewe. Kisha akaingia kazini. Tangu siku hiyo, habari ya msiba ilipofika kwa njia yoyote, yeye mwenyewe alihakikisha ni ya kweli, akamwendea au akamwandikia aliyefiwa, akaiondoa anwani, namba na siku ya kuzaliwa, akaliacha jina na mwaka wa kuhitimu. Alisema jina la mhitimu halifi, lakini mlango wake usigongwe tena.

La pili ni la nyumbani, nalo ni zito zaidi.

Mwaka 2006 mtoto wa kiume wa dada yake mkubwa, mhandisi wa maji aliyesomea chuoni hapo, aligombana na baba yake. Maneno yaliyosemwa mezani siku ile hayana faida leo. Kijana alifunga mkoba, akaondoka, akabadilisha simu. Mwaka ukapita nyumbani hakuna salamu. Dada hakulala vizuri, hakula vizuri, akawa anaamka kusikiliza geti. Ndipo akakumbuka kwamba chuo hakipotezi watu wake. Akavaa, akaenda ofisini kwa mdogo wake, akakaa kwenye kiti kile kile cha wageni.

"Mdogo wangu, unajua mwanangu aliko?"

Mtu mwingine angesema sijui, yakaisha. Kufuli hakuwa mtu wa kusema sijui juu ya anachokijua.

"Najua, dada. Ni mzima."

"Basi nipe."

"Hakunipa mimi. Alikipa chuo, akasema kisimpe mtu."

"Chuo ndicho kilichomzaa? Nilikubeba mgongoni wewe, umekataa kutembea, leo unaniweka upande wa pili wa meza?"

"Uliyemzaa ni wewe. Lakini nikikupa wewe kwa kuwa ni dada yangu, kesho nitampa mwingine kwa kuwa ni mkubwa wangu, na keshokutwa kwa kuwa amenikasirikia. Andika barua, dada. Uifunge mwenyewe. Mimi nitaipeleka, anwani haitatoka."

Dada akasimama. Akamwambia kwamba damu yake imegeuka wino, akatoka.

Miaka miwili hakusema naye. Kufuli aliendelea kuja kila Jumapili kama kawaida, akakaa kiti kile kile sebuleni, na dada akawa anawaagiza watoto: mwambieni mjomba wenu chai ipo. Naye anawajibu watoto: mwambieni mama yenu nimeshukuru. Chai ilikuwa na sukari kama anavyoipenda, maana hasira ni hasira na chai ni chai. Mkewe alimwuliza nyumbani kama kweli jambo lile linastahili kumpoteza dada. Alimjibu kwamba hajui, na kwamba kila Jumapili akitoka pale hupita njia ya mbali ili afike nyumbani uso umekauka.

Katika miaka hiyo baba wa kijana alianza kuumwa, na ugomvi ukawa hauna tena wa kuugombania. Mwaka 2009 dada akaandika. Aliandika kwa mkono wake, mwandiko ule, kurasa mbili, akafunga kwa gundi na juu ya gundi akabandika karatasi, akamkabidhi Kufuli bila neno. Akaipeleka. Jibu halikuja. Akaandika ya pili, ikapelekwa. Akaandika ya tatu.

Mwaka 2010, siku ya Jumapili, chai iko mezani, geti likalia. Kijana akaingia mwenyewe, mwembamba, ana ndevu, barua zote tatu ziko mfukoni zimechakaa kwenye mikunjo. Alipokwisha kukumbatiwa na kuliliwa na kulishwa, alieleza kwamba mwaka ule wa kwanza alikuwa amejiapiza: atakayetokea mlangoni kwake bila kuitwa, hata awe mama, yeye atahama tena, na safari hiyo asingekiachia hata chuo njia ya kumpata. Akawa anangoja aone kama mjomba atamtoa. Ilikuja barua, hakuja mtu. Ikaja nyingine, hakuja mtu. Ndipo akaona nyumbani kuna mahali neno lake linaheshimiwa, na kwamba anaweza kurudi. Alimkuta baba yake hai, wakapata miezi saba pamoja.

Dada alimgeukia mdogo wake siku ile, akasema naye mwenyewe, bila kupitia watoto. "Chai imepoa. Nikuongezee?" Hayo ndiyo yaliyosemwa. Hata hivyo, mpaka leo anashikilia kwamba angeweza walau kumkonyeza.

Kufuli alistaafu Agosti 2018. Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2021, akayabeba kwa uvumilivu, akisindikizwa na mkewe ambaye alirudi kuwa muuguzi wa mgonjwa mmoja. Hospitalini alikuwa akiwaomba madaktari wavute pazia kabla ya kusema majibu ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Mwenzake mmoja wa zamani alikuja kumwona, wakazungumza, mwishowe akamchokoza amwambie, maadamu wote wamezeeka, ni nani hasa aliyejenga maktaba mpya kwa sharti asitajwe. Kufuli akamwuliza, "Umekuja kunitazama au kunichungulia?" Ameondoka nalo. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Mwezi ujao angetimiza miaka sitini na sita.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano, dada yake mkubwa aliyembeba mgongoni, mpwa wake mhandisi, na watu wengi wasiojua kwamba walitunzwa. Alale pema, na tuliyomwamini nayo yalale naye.

Jumapili iliyotangulia kifo chake alimwita mpwa huyo karibu na kitanda. Wengine tukatakiwa kusogea, tukasogea, ingawa dada hakusogea sana.

"Mjomba," Kufuli akamwambia, "mimi pia ni mhitimu, mwaka tisini. Mwezi ujao siku yangu ya kuzaliwa itafika, na ile mashine haina macho. Itamletea mke wangu kadi. Nikishaondoka, usingoje watu watawanyike. Nenda ofisini kwa miguu yako. Waambie nimekufa. Anwani waitoe, namba waitoe, siku waitoe. Jina waliache."

Mpwa akasema atakwenda.

Kufuli akapumzika kidogo, akamshika mkono. "Watakuuliza wewe ni nani hata uje kunitoa, na una ushahidi gani. Usikasirike. Na wasipokuuliza, mjomba, kaa kwenye kile kiti, usiondoke mpaka wakuulize."