Maisha ya mudogo wangu Emérita, na moto niliouwasha mimi

Wapendwa katika Bwana, mimi Straton Habineza, mukubwa wake, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya Emérita Murekatete, na nitayasoma yote, hata pale yananihukumu.

Emérita alizaliwa Nyamitaba tarehe 14 Mei 1986, mutoto wa pili wa Papa Dusabimana na Mama Mukashema, akasoma shule ya musingi palepale, sekondari hapa Nyabiondo, akapata diplôme d'État mwaka 2005, na licence, digrii ya biolojia, kule Kisangani mwaka 2012.

Tangu 2013 alitumika katika labo, maabara moja ya Goma, akilinganisha ADN, yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya mwili, ya chura, popo, kuku, ngombe na muntu, viumbe vyote vyenye uti wa mugongo, apate kujua nini ilibadilika toka zamani sana na nini Mungu aliacha vilevile.

Tarehe 9 Agosti 2014 alifunga ndoa na Papa Constantin, mufanyabiashara wa Butembo, Mungu akawapa Kétsia mwaka 2016 na Yves mwaka 2019.

Mwaka 2022, njia ya Sake ya kwenda Goma ilipofungwa, aliacha kwangu sanduku la chupa ndogo, kazi ya miaka sita. Nikalifungua, nikasoma juu ya chupa: chura, popo, halafu Mukashema, jina la mama yetu aliyekufa mwaka mumoja kabla ya pale. Yalikuwa mate ambayo mama mwenyewe alitoa kwa kupenda, kwa kazi ile ya kulinganisha, lakini sikuuliza, nikasema iko uchawi, nikaita kikundi cha maombi, na tarehe 6 Novemba tukachoma yote tukiimba. Emérita hakunitukana, alisema tu, kaka, hata wewe wakikupima watakuta mambo mingi unafanana na chura, akacheka, kisha akaketi chini akalia.

Wale popo na chura walitoka pori la Walikale, njo sababu alirudi kule Januari 2024 kuanza upya, malaria ikamushika, akafia hospitali tarehe 19 Februari, mwenye miaka 37.

Tunashukuru madaktari, majirani, na Mama Nicole wa ile labo ya Goma, na wengine waliotumika na Emérita. Jana Nicole aliniomba mate, kwa kuwa ya mama haipatikani tena, nikatoa, akaandika jina langu juu ya chupa.

Ndugu, jeneza ina pahali sita pa kushika, na mpaka sasa tuko watatu, wengine wanaogopa sababu ya neno langu lile la uchawi. Emérita hakuwa mulozi, mimi njo nilikosa. Wa kikundi chetu cha maombi, mukuje mushike pamoja nasi.

Emérita, pumzika katika amani ya Bwana, mbele nitashika mimi.