Bi Ghalia binti Marhun: Mkunga wa Aldershaw, Mgeni wa Ibra

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na Rasha binti Nadhir, mtoto wa kaka yake, mbele ya wanawake waliohudhuria matanga. Ibra, Ijumaa, 17 Januari 2025.

Bi Ghalia binti Marhun bin Khalaf alizaliwa mtaa wa Malindi, mjini Unguja, tarehe 9 Machi 1947. Baba yake, Marhun, alikuwa mtu wa Ibra, Oman, aliyevuka bahari angali kijana na kufungua duka la vitambaa. Mama yake ni Bi Thuraya. Mtoto mwengine nyumbani alikuwa Nadhir, aliyemzidi marehemu kwa miaka minne. Bi Thuraya alikuwa akisimulia kwamba Ghalia alijua kulitaja jina la kaka yake kabla hajajua kusema mama, na kwamba kulitaja kwenyewe kulikuwa ni kwa kupiga kelele, kwa sababu Nadhir alikuwa haishi kumkimbia.

Alisoma chuoni Kurani, kisha skuli ya wasichana mpaka darasa la kumi na mbili. Nadhir ndiye aliyekuwa akimpeleka, amempakia mbele ya baiskeli. Siku za masika alimfunika kwa koti lake, mwenyewe akarowa. "Ukianguka usilie, utanitia aibu," alimwambia. Naye akamjibu, "Nikianguka tumeanguka sote, tutalia pamoja." Marehemu aliyasimulia haya mara nyingi katika uzee wake, na kila mara alicheka mwanzo tu wa hadithi.

Mwaka 1964 ulimchukua baba yao, na mama hakumaliza mwaka wa pili baada yake. Nadhir alipata nafasi ya meli kwenda Dubai, na miaka michache baadaye akafika Ibra, kwao. Ghalia alichaguliwa kwenda Uingereza kusomea uuguzi. Aliondoka Septemba 1966, na kwa muda mrefu hakuwa na mtu wa kumwita kwa jina la nyumbani.

Alipofuzu uuguzi na ukunga alipangiwa kazi Aldershaw, mji wa viwanda vya pamba, kaskazini ya nchi ile, wenye mabomba ya moshi mengi kuliko miti. Alizalisha huko kwa miaka thelathini. Alipanda vilima vya theluji kwa miguu, mkoba begani, akabisha milango ya Waingereza, ya Wapakistani na ya kila aliyeletwa na viwanda. Wanawake walimfungulia wakiwa bado na nyuzi za pamba nyweleni. Waume waliomzonga mlangoni aliwaambia, "Kama huna kazi, kachemshe maji. Kama unayo, iache ukachemshe maji." Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kimoja, watoto aliowapokea wakazaa, akawapokea na hao. Maktaba ya mji ilipotundika ukutani picha za watu wake mashuhuri, walikuwemo aliyebuni mtambo wa kufumia, mchezaji mpira, mpiga tarumbeta, na yeye, amevaa mtandio wake. Alipoulizwa alijionaje pale, alisema, "Mpiga tarumbeta namjua. Mkewe alizaa mapacha, naye akazirai."

Ndoa yake ndiyo iliyomgharimu. Mwaka 1972 alitaka kuolewa na Harun, Mwingereza wa mji ule, fundi wa mitambo ya kufumia, aliyesilimu miaka miwili kabla hawajajuana. Baba hayupo, basi walii wake alikuwa kaka yake. Alimwandikia kumuomba idhini. Jibu lilikuja kwa mdomo wa msafiri: kwamba Nadhir hamuozeshi dada yake kwa fundi wa Kizungu, na kwamba akiolewa naye, yeye Nadhir ameapa kwa jina la Mwenyezi Mungu hatatamka tena maishani kuwa Ghalia ni dada yake. Imamu wa msikiti wa Aldershaw alisimama badala ya walii. Waliishi pamoja miaka ishirini na mitano, wakapata binti mmoja, Huwaida. Harun hakuwahi kumnyanyulia mkewe sauti. Alifariki mwaka 1997.

Mwaka 1999 Bi Ghalia alikuja Ibra. Hakuja kutalii. Alitaka kuishi na kufa katika mji aliosikia habari zake kila siku dukani kwa baba yake. Nyumba ya kwanza aliyoingia ilikuwa ya kaka yake, na halwa mkononi. Akasema, "Shikamoo, kaka." Nadhir alimgeukia mkewe, Bi Asya. "Mwambie mgeni gahawa ipo." Bi Ghalia akakaa, akamtazama wifi yake, akasema, "Mwambie mwenye nyumba mgeni ameikuta imepoa." Bi Asya alicheka, kisha akaogopa. Tangu siku hiyo ndugu hao wawili walizungumza hivyo hivyo, kwa mwambie na mwambieni, chumba kimoja, mkeka mmoja.

Ili apate uraia, sheikh wa kabila alitaka ushahidi wa jamaa wa damu, mtu mzima aliyemjua tangu Unguja. Wengine walishakufa. Alibaki mmoja. Sheikh akamwita Nadhir kwenye sabla, ukumbi wa baraza la kabila, mbele ya wazee.

"Nadhir, unamjua mwanamke huyu?"

"Namjua. Mkunga kutoka Uingereza."

"Nakuuliza, ni dada yako?"

"Nimeapa, sheikh."

"Kiapo kina kafara yake. Lisha masikini kumi, uvunje kiapo, useme kweli. Ukishindwa kupika nitapika mimi."

"Nikilisha, watu watasema neno la Nadhir linanunuliwa kwa sahani za wali."

Sheikh alimjibu kuwa watu husema hata hivyo, bora waseme wameshiba. Wazee walicheka. Nadhir hakucheka, akaondoka. Sheikh alimwita tena mwaka uliofuata, na baada ya hapo pia, mpaka alipoona anamdhalilisha mwanamke kwa kumkalisha akisubiri.

Kwa hivyo Bi Ghalia aliishi Ibra kwa viza. Kila ilipokwisha alipelekwa kwa gari hadi mpaka wa Imarati, akagongewa muhuri wa kutoka, akageuka, akagongewa wa kuingia. Askari kijana alimuuliza siku moja, "Mama, una nani Oman?" Akamjibu, "Nina makaburi, mwanangu." Wanawake wa Ibra na Mudhaibi walimwita walipokuwa na mimba zenye mashaka, akawashika mkono, akawaambia lini waende hospitali. Hao walimwita shangazi. Picha ya ukuta wa Aldershaw ilipofika kwenye simu za jamaa, iliandikwa chini yake kwa Kiarabu: binti yetu, fahari ya kabila. Aliisoma, akairudisha simu kwa mwenyewe, akaomba maji ya kunywa.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2023. Januari hii alilazwa. Huwaida alifika kutoka Uingereza akamkuta anazungumza. Jumatatu mchana Nadhir naye alikuja hospitali, akakaa kwenye kiti cha nje ya chumba, tasbihi mkononi. Mlango ulikuwa wazi, wanaonana. Alimwambia muuguzi, "Mwambie mgonjwa kama anahitaji kitu." Bi Ghalia alisema kwa sauti ndogo, "Mwambie namhitaji yeye." Muuguzi, msichana wa Sur asiyejua mambo yao, alitoka kwenda kufikisha maneno ambayo Nadhir alikuwa keshayasikia. Nadhir aliinama. Ilipoadhiniwa alasiri aliondoka kwenda kusali, na hakurudi. Bi Ghalia aliuliza mara mbili kama kiti kina mtu. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, mkono wake umo mkononi mwa binti yake.

Alizikwa siku ile ile baada ya alasiri. Maiti ya mwanamke hupokelewa kaburini na maharimu wake, wanaume wa damu yake. Anas na Hisham, watoto wa Nadhir, walikuwa tayari wamekunja kanzu zao. Baba yao, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, akawazuia kwa bakora. Sheikh aliyekuwepo, mtoto wa yule wa zamani, akauliza kama ilivyo ada, "Nani wake huyu anayeteremka?" Nadhir akasema, watu wote wakisikia, "Mimi. Ni dada yangu, baba mmoja, mama mmoja." Akashushwa kaburini ameshikwa huku na huku, akampokea. Wanaume waliorudi kutoka makaburini wameyasimulia haya majumbani kwa machozi, na wengi wenu mmekuja hapa mkisema, alhamdulillahi, wamepatana.

Hawakupatana. Maneno yale aliambiwa sheikh.

Bi Ghalia ameacha binti mmoja, Huwaida. Wajukuu wawili walioko Aldershaw. Wifi yake, Bi Asya. Watoto wa kaka yake, Anas, Hisham na Rasha. Na kaka mmoja, Nadhir bin Marhun, aliyekaa sasa hivi upande wa wanaume akipokea mikono ya rambirambi.

Mwenyezi Mungu amsamehe, amrehemu, na ampumzishe pahali asipoulizwa ni mtu wa nani.