Saini Moja ya Watu Wawili

MAMA: Haloo... nani mwenzangu?

MATOFALI: Shikamoo, mama. Ni mimi Matofali. Niliyenunua tela ya mzee wako.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Subiri nikaushe mikono, nafua vitambaa vya kanisani. [Maji yanachuruzika.] Haya. Hamjambo huko? Mkeo hajambo?

MATOFALI: Hajambo, watoto hawajambo. Mwenye jambo ni mimi.

MAMA: Gurudumu la kushoto. Nilikwambia linavuja upepo. Nilisema mbele ya shahidi.

MATOFALI: Gurudumu zima, mama. Tela imeshikwa—

MAMA: Na nani?

MATOFALI: Askari. Iko kituoni tangu juzi, na tofali zangu mgongoni. Kadi bado ina jina la mzee. Wakasema, mlete mwenye jina hili. Nikasema amefariki. Wakasema, basi hamisha kadi isome jina lako ndipo uichukue. Sasa niko hapa ofisi ya usajili, dirishani kwa karani, na ile fomu uliyonisainia.

MAMA: Na barua ya mirathi unayo? Yenye muhuri wa mahakama?

MATOFALI: Ninayo. Kila kitu ninacho. Ila karani anasema... [Mtandao unakwaruza.] ...amesaini.

MAMA: Nani amesaini?

MATOFALI: Marehemu. Anasema marehemu amesaini mwezi uliopita.

MAMA: Marehemu hajasaini kitu. Jumapili nilikuwa makaburini kupalilia. Yuko vile vile.

MATOFALI: Mama, nisikilize. Kwenye faili kuna fomu ya mzee aliponunua tela, miaka kumi na moja iliyopita. Ina saini yake. Karani ameilaza kando ya fomu yako wewe. Zimefanana kama mapacha. Ule mkia unaozunguka, na vidoti viwili chini—

MAMA: Vitatu.

MATOFALI: Kimoja, viwili... vitatu. Ndiyo. Anauliza, imekuwaje?

MAMA: Mwambie tuliishi pamoja miaka thelathini na moja.

MATOFALI: [Mbali na simu.] Anasema waliishi pamoja miaka thelathini na moja. [Karibu.] Anasema yeye na mkewe wana ishirini na miwili, na kila mtu bado ana mkono wake.

MAMA: Hongera yake.

MATOFALI: Mama yangu, si mzaha huu. Anasema hapa mtu ameghushi, na aliyebaki hai ni wewe. Saa sita anafunga dirisha. Asipopata maelezo yanayoingia akilini, faili linakwenda kwa askari, na wewe unaitwa.

MAMA: Sasa hivi ni saa ngapi?

MATOFALI: Sita kasoro dakika kumi na mbili.

MAMA: Hm.

MATOFALI: Na mimi, Jumatatu nisipofikisha tofali shuleni, kazi anapewa mwenye lori. Nimeshachoma tanuri zima. Nitazipeleka kwa kichwa?

MAMA: Nimesikia, mwanangu.

MATOFALI: Basi naweka spika umweleze mwenyewe—

MAMA: Usiweke.

MATOFALI: Nimeshaweka.

MAMA: Ondoa!

MATOFALI: Nimeondoa. Kuna nini?

MAMA: Nyuma yako kwenye foleni yuko nani?

MATOFALI: Watu tu. Kijana wa pikipiki. Mzee mwenye mkongojo. Mama mmoja ana mwavuli wa kijani.

MAMA: Mwembamba? Anasimama kama anakwenda kuanguka mbele?

MATOFALI: Ndiyo... Anakupungia mkono.

MAMA: Simwoni, ananipungiaje? Huyo ni Mama Taarifa. Tunasali naye. Akisikia neno hapo saa sita, saa saba ninalikuta limefika kwangu limeshavaa viatu.

MATOFALI: Neno gani, mama? Wewe umesaini fomu yako, basi. Ile ya zamani alisaini mzee, au—

MAMA: Huyo huyo ndiye aliyesema msibani kwamba kanisani hajatokea mtu wa kusoma kama mzee. Alilia. Akasema, sauti ile na kitabu kile vilikuwa kitu kimoja.

MATOFALI: Sasa hilo na kadi ya tela vinahusianaje?

MAMA: [Kimya.]

MATOFALI: Haloo? Mama, upo?

MAMA: Nipo. Maji yananipolea hapa.

MATOFALI: Ngoja, karani ananiita. [Sauti za mbali.] Mama. Anasema kwa sauti ya chini. Anakuona wewe ni mtu mzima, hataki kukutesa. Anasema fomu hii aichane, uje kesho usaini nyingine, ila usaini kwa namna nyingine. Nyoosha mkia, toa vidoti. Kwisha habari. Hakuna swali.

MAMA: Yaani ili nisionekane nimeghushi, nighushi?

MATOFALI: Si kughushi, ni kubadilisha kidogo.

MAMA: Saini yangu ni hiyo. Sina nyingine. Sikujua mtu anatakiwa awe nazo mbili. Nikiandika isiyo yangu nikasema ni yangu, hapo ndipo nitakuwa nimedanganya kweli. Mwambie namshukuru kwa huruma, lakini hapana.

MATOFALI: Mama, tela yangu—

MAMA: Najua. Nilipokea pesa yako kwa mkono huu. Sitakuacha barabarani. Nina dakika ngapi?

MATOFALI: Saba.

MAMA: Lilikuwa letu wawili. Aliniomba siku tulipochumbiana, akasema, hili liwe letu wawili.

MATOFALI: Lipi?

MAMA: Weka spika.

MATOFALI: Na Mama Taarifa je? Amesogea. Sasa yuko mbele ya yule mzee wa mkongojo.

MAMA: Weka, kabla sijapata akili.

MATOFALI: Nimeweka. Karani anakusikia.

MAMA: Mheshimiwa karani, habari za kazi. Saini zote mbili ni zangu. Ya mwezi uliopita ni yangu, na ya miaka kumi na moja iliyopita ni yangu. Mume wangu hakujua kusoma wala kuandika. Alichunga ng'ombe za baba yake, wadogo zake wakaenda shule. Kila karatasi yake nilisaini mimi, yeye amekaa kando yangu, na alijua ninasaini nini. Mimi na darasa langu la saba. Na yale aliyosoma kanisani, nilimsomea Jumamosi mara tatu, Jumapili akasimama na kitabu wazi akayasema yote. Hakuruka neno. Ni hayo tu.

MATOFALI: [Kimya.]

MAMA: Mmekata?

MATOFALI: Hatujakata.

MAMA: Mama Taarifa anasemaje?

MATOFALI: Hasemi kitu. Amekaa chini.

MAMA: Basi anaumwa. Mpeni maji.

MATOFALI: Mama, karani ameelewa. Anasema kuna fomu ya maelezo ya hivyo. Ila anataka shahidi asiye ndugu, mtu aliyejua kwamba mzee hakusoma.

MAMA: Hayupo. Nimekwambia, tulikuwa wawili.

MATOFALI: Nitaandika mimi.

MAMA: Usijitie kwenye uongo kwa ajili ya tofali.

MATOFALI: Si uongo. Nilijua.

MAMA: Ulijua nini?

MATOFALI: Mwaka ule mzee alipokuwa ananibebea tofali. Asubuhi moja nilimwambia oda zote kwa mdomo, kisha nikampa karatasi. Kumbe nimechomoa mfukoni kadi ya kliniki ya mtoto. Tulipofika kwa mteja wa kwanza akaikunjua, akaitazama, akasoma: kwa fundi mia nne, kwa mjane mia mbili hamsini, shuleni mia sita. Kwenye kadi kuna uzito wa mtoto na chanjo ya surua.

MAMA: Ukacheka.

MATOFALI: Sikucheka. Hesabu zilikuwa sawasawa. Akaikunja, akaitia mfukoni mwake. Mke wangu aliitafuta kadi mchana kutwa.

MAMA: Ukamwambia nini?

MATOFALI: Panya.

MAMA: Utubu.

MATOFALI: Nimeshatubu, mama. Tangu siku ile nikawa simpi karatasi. Namwambia kwa mdomo tu. Akashangaa, ikabidi niseme macho yananisumbua, siwezi kuandika.

MAMA: [Mtandao unakwaruza.] Ni wewe.

MATOFALI: Ni mimi nini?

MAMA: Alirudi jioni ile amenyong'onyea. Akasema, yule kijana wa tofali anapofuka, na bado mdogo. Tulikuombea macho, mwanangu. Miezi mitatu, kila usiku kabla ya kulala.

MATOFALI: Yanaona vizuri sana, mama.

MAMA: Ndiyo. Tuliamini tumejibiwa.

MATOFALI: Mama, salio linaisha, linalia hapa sikioni. Karani anaandika. Ananisomea: "Marehemu hakujua kusoma wala kuandika." Nisaini?

MAMA: Aongeze, "na hesabu hakukosea hata siku moja."

MATOFALI: [Mbali.] Anasema aongeze... [Karibu.] Anasema fomu haina nafasi.

MAMA: Pembeni hapana?

MATOFALI: Pembeni pako wazi, lakini—

MAMA: Basi aandike pembeni.

MATOFALI: Mama, ni saa sita kamili, watu wana—

MAMA: Anaandika?

MATOFALI: Anatazama saa... ameinamisha kichwa... Anaandika, mama. Anaandika. Njoo kesho mapema usaini mbele yake, uje na kita—

[Simu inakatika.]

MAMA: Haloo? ... Haloo? Haya. Ubaki na Mungu.