Metrine Nangila Wandera, Aliyeomba Nafasi ya Utafiti Mara Arobaini na Mbili

Dada yangu Metrine Nangila Wandera alizaliwa tarehe 3 Machi 1988 mtaani Obunga, Kisumu, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Walubengo na Mama Nabututu.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Obunga. Akiwa darasa la sita alijaza konokono wa ziwani kwenye sufuria ya ugali, apate kuona wanavyozaana. Mama alipofunua aliuliza, "Nangila, leo tunakula nini?" Akajibu, "Mama ngoja kidogo, bado wanataga." Siku hiyo tulikula mkate.

Alipata shahada ya biolojia mwaka 2012 na ya uzamili mwaka 2016, akichunguza konokono wanaoeneza kichocho. Aliajiriwa katika kituo cha utafiti Kisian, na kila wiki alikuwa ufukweni Luanda Kotieno, Ziwa Viktoria, magoti majini, akiokota konokono.

Tarehe 12 Desemba 2015 aliolewa na Mwalimu Fabian Wandera. Walijaliwa binti mmoja, Elsie.

Mradi wake ulifungwa mwaka 2018. Hapo ndipo alipoanza kuomba nafasi za utafiti katika vyuo vikuu vya Ulaya. Alikataliwa mara arobaini na moja. Kila jibu alimsomea mumewe mezani. "Wananishukuru sana kwa kuomba," alikuwa akisema, kisha anakunja karatasi.

Aprili 2024 chuo kimoja cha Ujerumani kilimwita kwa mahojiano ya mtandaoni. Stima ilipotea dakika kumi kabla. Alikimbilia duka la dawa la jirani yetu Zeituni, lenye jenereta, na Zeituni akawaomba wateja wanong'one. Profesa alimuuliza kwa nini anataka kuliacha ziwa. Alisema, "Siliachi. Nataka kujifunza vifaa ambavyo hatuna, kisha nirudi." Alipata kazi hiyo, aanze tarehe 1 Oktoba.

Mwezi Juni miguu ilivimba. Figo zote mbili zilikuwa zimeharibika, na ilibidi damu isafishwe kwa mashine mara mbili kwa wiki. Chuo kilikubali kumngoja hadi Januari. Mumewe alimsihi akubali. "Fabian, Januari nitakuwa bado kwenye hii mashine," alimwambia. Aliandika mwenyewe barua ya kuiachia nafasi, akampendekeza Bridget, aliyefanya naye kazi Kisian. Nafasi alipewa mtu mwingine. Bridget bado anaomba, na Metrine alimsahihishia barua zake kitandani mpaka vidole viliposhindwa kushika kalamu.

Alituacha Jumanne tarehe 11 Machi 2025, katika hospitali moja ya Kisumu, akiwa na miaka 37.

Ameacha mume wake Fabian, binti yake Elsie wa miaka sita, wazazi wake, na mimi kaka yake Wechuli, niliyewasomea haya.

Mungu ampe Nangila pumziko, na atusaidie kumjibu Elsie anapouliza mama atarudi lini safarini.